Mwanzilishi na Warithi Wake

Katika nchi yetu zipo kazi nyingi njema zilizoanzishwa na mtu mmoja. Huyu alianza shule chini ya mwembe. Yule alianza zahanati kwa sanduku moja la dawa. Mwingine alikusanya yatima nyumbani kwake, au akaunda chama cha wajane, au kwaya, au chama cha kuweka na kukopa. Miaka ikapita, kazi ikakua, majengo yakasimama, wafadhili wakaja, katiba ikaandikwa, wadhamini wakaandikishwa. Ndipo likazuka swali ambalo hakuna aliyelifikiri siku ya kwanza: Je, kazi hii ni ya nani? Na yule aliyeianza, akiwa sasa mzee, au akiwa amekwisha kufa, neno lake lina nguvu gani juu ya wale walioipokea?

Swali hili laweza kuonekana kuwa la mikutano na makaratasi tu. Kwa kweli ni swali la haki. Kila mtu ameona mambo haya mahali fulani. Halmashauri inakutana, mwanzilishi anakohoa, na wote wananyamaza. Mkuu mpya wa shule ataka kubadili saa za masomo, naye aambiwa kwamba Mzee hakuacha hivyo. Mweka hazina aulizwa hesabu, ajibu kwamba Mama ndiye anayezijua. Na mwanzilishi akifa, picha yake hutundikwa ukutani, kisha picha ile huongoza kikao kuliko mwenyekiti aliye hai. Anayeumia si mwenyekiti, wala si mweka hazina. Anayeumia ni yatima ambaye chakula chake chategemea uamuzi usioweza kukatwa, na mgonjwa ambaye zahanati yake haipati mganga mpya kwa sababu mganga wa zamani aliwekwa na mwanzilishi.

Yapo makosa mawili katika jambo hili, nayo yanapingana. Kosa la kwanza ni la wale wanaomfanya mwanzilishi kuwa sheria. Kwao kila alilolisema ni amri ya milele, hata rangi ya milango. Hujitetea kwa methali: Mwacha asili ni mtumwa. Kosa la pili ni la wale wanaomfukuza. Wakiisha kupata viti, huona haya kutajiwa jina lake. Humwondoa kama mtu anavyoondoa kigingi kilichomkwaza, na pamoja naye hulitupa lile kusudi lililowapa viti hivyo. Wa kwanza wamwabudu mtu, na wa pili wamdhulumu. Njia ya haki ipo kati yao, na yatupasa kuitafuta kwa makini.

Kwa kuitafuta hatuna haja ya kwenda mbali. Mji wa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ulikuwa njia panda ya misafara katika karne ya 19. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora; hapo ikagawanyika, moja ikielekea magharibi hata Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikielekea kaskazini hata nchi za Nyanza. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, mtu aliyeijua njia, na nyuma yake wakafuata wapagazi na mizigo yao. Kirangozi aliheshimiwa, wala hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Lakini bidhaa hazikuwa mali yake, wala safari haikuwa yake peke yake. Tena misafara mingi ilipofika Unyanyembe ilipangwa upya: wapagazi wengine walilipwa wakarudi, wengine wakaajiriwa mahali pao. Mzigo ulibadili mabega, ukasonga mbele.

Nchi hiyohiyo yatupa mfano wa kazi isiyobadili mabega. Magharibi ya Tabora, huko Urambo, Mtemi Mirambo alijenga kwa akili na kwa vita dola iliyotisha njia nzima ya misafara. Alikuwa mtu wa uwezo wa pekee. Hata wageni waliomwogopa walikiri hivyo. Lakini dola ile ilisimama juu ya mtu mmoja. Mirambo alipofariki mwaka 1884, ndugu yake aliyemrithi hakuweza kuishika, na kabla ya miaka mingi kupita ikavunjika. Hatumlaumu Mirambo kwa kutokuwa na katiba ya siku zetu. Twasema tu kwamba nguvu ya mwanzilishi ni jambo moja, na nguvu ya kazi yake ni jambo la pili, na ya kwanza yaweza kuificha ya pili isionekane ilivyo dhaifu mpaka siku ya mazishi.

Sasa tutazame kazi nyingine iliyopita katika njia ileile, ambayo ilimpoteza mwanzilishi wake lakini haikufa naye. Mwaka 1868 Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, alianzisha chama cha Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadre Weupe kwa ajili ya mavazi yao. Miaka kumi baadaye, mwezi Juni 1878, msafara wao wa kwanza ulitoka Bagamoyo. Padre Pascal, mmoja wa viongozi wake, alifariki njiani kabla ya kufika Tabora. Wenzake wakafika, na hapo wakagawanyika kama njia ilivyogawanyika: kundi moja likaenda Ujiji, nalo likafika Januari 1879, kundi la pili, likiongozwa na Padre Léon Livinhac, likashika njia ya Nyanza hata Buganda.

Lavigerie mwenyewe hakuiona Tabora kamwe. Aliongoza kutoka mbali, kwa barua zilizokwenda kwa miezi. Naye hakuwa mtu mpole wa kusema na kuachilia. Alikuwa na nia kali, na aliagiza mambo mengi, makubwa na madogo. Aliagiza kwamba wamisionari wasikae chini ya watatu mahali pamoja. Aliagiza kwamba wajifunze lugha za wenyeji. Aliagiza kwamba anayetaka ubatizo ajifunze kwa miaka minne kwanza. Tena alikuwa na mpango wa kupeleka askari Wakristo pamoja na misafara, ili wawalinde watu na wauza watumwa, na pengine kuanzisha ufalme wa Kikristo katika bara. Askari hao walikuja kweli pamoja na misafara ya 1879 na 1880, na mmoja wao, Kapteni Joubert, aliishi upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika hata alipofariki mwaka 1927.

Tazama basi yaliyoyapata maagizo hayo. Kanuni ya watatu ilidumu. Kujifunza lugha kulidumu, na kutokana nako tumepata kamusi, sarufi na vitabu vingi. Miaka minne ya mafundisho ilidumu muda mrefu, ikawa alama ya kazi yao. Lakini mpango wa ufalme wenye askari uliachwa. Je, walioacha mpango huo walimwasi mwanzilishi? Hatuoni hivyo. Kusudi lake lilikuwa kuwafikishia watu Injili na kuwaokoa na utumwa. Kanuni ya watatu ililitumikia kusudi hilo, kwa maana mtu aliye peke yake nyikani huvunjika moyo au hupotoka. Askari hawakulitumikia, walihatarisha kuigeuza kazi ya roho kuwa utawala wa bunduki. Mkono uleule uliandika maagizo yote mawili, lakini maagizo hayo hayakuwa na uzito mmoja.

Tena katika historia hiyo yapo mambo mawili ambayo kila halmashauri yafaa iyajue. La kwanza ni namna uongozi ulivyokabidhiwa. Mwaka 1874, miaka sita tu baada ya kuanza, chama kilifanya mkutano wake mkuu wa kwanza, na Padre Deguerry akachaguliwa kuwa Mkuu. Lavigerie aliendelea kuwa na mamlaka juu yake, na tusidanganyane kwamba jambo hilo lilikuwa jepesi kwa waliochaguliwa. Hata hivyo mazoea ya kuchagua yalianza wakati mwanzilishi angali hai. Mwaka 1889 alichaguliwa Livinhac, yuleyule aliyepita Tabora na msafara wa kwanza, ambaye wakati huo alikwisha kuwa Askofu, na mwaka 1887 alimweka wakfu Askofu Charbonnier huko Kipalapala, karibu na Tabora. Basi Lavigerie alipofariki mwezi Novemba 1892, hakuna aliyeuliza nani atashika usukani. Aliyeushika alikuwapo, naye aliishika kazi ile mpaka alipofariki mwaka 1922. Tena alikuwa mtu aliyetembea njia ile kwa miguu yake, akajua kwa macho yake yale ambayo mwanzilishi aliyajua kwa barua tu.

Jambo la pili latoka Buganda. Mwishoni mwa mwaka 1882 wamisionari, wakiona hatari, waliondoka Buganda wakavuka ziwa hata Bukumbi, upande wa kusini. Hawakurudi mpaka mwezi Julai 1885. Mtu angedhani kwamba kazi changa namna ile, iliyoachwa na waanzilishi wake kwa karibu miaka mitatu, ingekauka kama mche usiotiliwa maji. Wamisionari waliporudi waliona kinyume. Waumini walikuwa wamefundishana wenyewe kwa wenyewe. Watu kama Yosefu Mukasa, Andrea Kaggwa na Matia Kalemba Mulumba walikuwa viongozi. Idadi ilikuwa imeongezeka. Muda mfupi baadaye, watatu hao wakawa miongoni mwa wafiadini wa Uganda. Hatusemi kwamba kuondoka kwa mapadre kulikuwa kwema kwenyewe. Twasema kwamba kuondoka kule kulifunua jambo lililokuwa limefichika: kazi ilikuwa imekwisha kuwa ya watu wale, si ya wageni walioileta.

Hapo twafikia kiini cha swali letu. Mwanzilishi ana haki gani? Wapo wasemao kwamba aliyejenga nyumba ndiye mwenye nyumba. Ni kweli, kama aliijenga kwa ajili yake mwenyewe. Mtu akijenga duka, duka ni lake. Aweza kulifunga leo, au kumpa mwanawe. Lakini aliyeanzisha kazi ya huruma aliwaendea watu, akawaambia: Nisaidieni, kwa maana hawa ni maskini. Kwa neno hilo alipewa kiwanja na kijiji, fedha na wafadhili, nguvu za vijana waliofyatua matofali bila ujira. Hawakumpa yeye, waliwapa maskini kwa mkono wake. Tangu siku hiyo akawa mdhamini. Na mdhamini aweza kustahili shukrani kuliko mwenye mali, lakini hawezi kuwa na haki za mwenye mali.

Jambo hili lilikwisha kuamuliwa zamani katika Kanisa, na juu ya mtu ambaye hakuna anayeutilia shaka utakatifu wake. Mwaka 1220 Fransisko wa Asizi aliacha uongozi wa chama alichokianzisha, akamwachia Petro Catani, na yeye akaahidi kutii kama ndugu wa kawaida. Lakini kabla ya kufa mwaka 1226 aliandika wosia, akawataka ndugu wauweke pamoja na Kanuni, wala wasiufafanue kwa namna ya kuupunguza. Alipokwisha kufa, ndugu wakagawanyika: wengine wakasema wosia wafunga kama sheria, wengine wakasema haufungi. Shauri likapelekwa kwa Baba Mtakatifu Gregori IX. Yeye alikuwa rafiki wa Fransisko, naye ndiye aliyemtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 1228. Mwaka 1230 akaamua kwamba wosia haufungi kisheria. Sababu yake ni ya kutafakari: Fransisko hakuweza kuwafunga waliomfuata bila ridhaa yao, wala aliye sawa hana mamlaka ya kumwamuru aliye sawa naye. Maana yake, aliye kiongozi leo ni sawa na aliyekuwa kiongozi jana. Hayupo chini yake.

Hukumu hiyo haikumvunjia Fransisko heshima. Ndugu zake waliendelea kuusoma wosia na kuupenda, na hata leo wanausoma. Kilichobadilika ni jambo moja: kuanzia hapo ulikuwa sauti ya baba inayoshauri, si sauti ya bwana inayoamuru. Nasi twaona kwamba ndivyo ipasavyo kuwa sauti ya kila mwanzilishi aliyekwisha kukabidhi.

Lakini yafaa tusikilize na upande wa pili, kwa maana una hoja yenye uzito. Mwanzilishi aweza kusema: Mwanishauri ninyamaze, lakini naona warithi wangu wanaiharibu kazi. Niliianza shule kwa ajili ya watoto wa maskini, nao sasa wapandisha karo mpaka maskini hawaingii. Je, ninyamaze tu? Hoja hii si ya majivuno. Mara nyingi mwanzilishi ndiye peke yake anayekumbuka kazi ilianzishwa kwa ajili gani, na warithi ambao hawakuteseka kuijenga huwa wepesi kuiuza.

Hapa pia Tabora yatufundisha. Mwalimu Julius Nyerere alisoma katika mji huo, kisha akafundisha huko katika shule ya Mt. Maria tangu 1946 hata 1949. Mwaka 1954 alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU na Rais wake wa kwanza. Mwezi Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulifanyika Tabora, nao ulikuwa na shauri zito: chama kiingie au kisiingie katika uchaguzi ambao kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wajumbe wengi walitaka kuususia. Nyerere aliona kwamba kususia kungekidhuru chama. Hakutoa amri, alisimama mbele ya wajumbe akatoa sababu, na wajumbe wakakubali kwa hoja. Zuberi Mtemvu, ambaye hakukubali, alitoka akaanzisha chama chake. Jambo lile likaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Basi mwanzilishi hazuiwi kusema. Aseme mahali pa kusemea, mbele ya wote, kwa sababu zinazoweza kujibiwa. Anachozuiwa ni kusema kwa simu usiku, kwa mjumbe wa siri, au kwa kutishia kwamba ataondoka na wafadhili.

Maisha ya Mwalimu yaonyesha pia ugumu wenyewe. Mwezi Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, aliacha Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili akajenge chama. Mwaka 1985 aliacha Urais wa nchi kwa hiari, jambo lililokuwa nadra katika Afrika wakati ule. Lakini alibaki Mwenyekiti wa CCM mpaka 1990. Kwa miaka hiyo mitano nchi ilikuwa na Rais aliyeshika serikali, na mwasisi aliyeshika chama. Wapo wanaosema kwamba kubaki kwake kulituliza nchi wakati wa mabadiliko. Wapo wanaosema kwamba kulimfunga mikono aliyemfuata. Pengine wote wana kweli yao. Kisha mwezi Februari 1991, Halmashauri Kuu ya chama, iliyokutana Zanzibar, ililegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwalimu hakuficha kwamba hakuridhika, lakini hakuwa tena na kiti cha kuzuia. Alikuwa na hoja tu, kama raia mwingine.

Hatuamui hapa nani alikuwa na haki katika shauri lile. Twatoa funzo moja tu linalofaa kila chama. Warithi wana haki ya kubadili, lakini uzito wa mabadiliko upime uwazi wake. Kubadili saa za masomo kwaweza kuamuliwa na mkuu wa shule. Kubadili kanuni kwaamuliwa na halmashauri. Lakini anayetaka kubadili kusudi lenyewe, yaani kazi ni ya nani na kwa ajili gani, hana budi kuwaendea wanachama wote mchana kweupe, aseme kwa maneno yasiyofichika: Kusudi letu lilikuwa hili, sasa twataka liwe hili, na sababu zetu ndizo hizi. Anayelibadili kimyakimya, huku akiendelea kulitumia jina la mwanzilishi kuwaomba watu fedha, huyo amewadanganya walio hai na wafu pia.

Tukiisha kuyajua hayo, yaliyobaki ni wajibu wa kila upande.

Wewe mwanzilishi, wajibu wako wa kwanza ni kukabidhi ungali na nguvu. Usingoje mpaka ugonjwa ukupokonye kalamu. Kiwanja kisiwe kwa jina lako, bali kwa jina la wadhamini walioandikishwa. Akaunti ya benki isitegemee sahihi yako peke yako. Wafadhili wakutane na kazi, si na wewe tu, ili siku usipokuwapo wasione kwamba rafiki yao amekufa na urafiki umekwisha. Mwanao akifaa kuongoza, aombe kama wengine na apimwe kama wengine, kwa maana usimamizi wa mali ya maskini si sehemu ya mirathi. Na ukiisha kukabidhi, mpe aliyekufuata nafasi ya kukosea makosa madogo. Wewe mwenyewe ulijifunza kwa kukosea. Ila wakati ule hapakuwa na mzee nyuma ya mlango anayehesabu. Mkumbuke Musa: aliwaongoza watu nyikani kwa miaka arobaini, akamwekea Yoshua mikono mbele ya taifa zima, naye hakuvuka. Kuvuka kulikuwa kwa watu, na watu walivuka.

Ninyi warithi, wajibu wenu wa kwanza ni shukrani, na shukrani isiwe ya maneno tu. Tuseme wazi jambo ambalo vikao vingi huona haya kulisema. Wazee wengi hawang'ang'anii viti kwa sababu ya kiburi. Wanaving'ang'ania kwa sababu ya hofu ya njaa. Mtu alitumia miaka yake thelathini kulea yatima. Hakujijengea nyumba, hakuweka akiba, hakulipiwa pensheni. Siku anapoondoka ofisini ataondoka na nini? Chama kinachomtaka mwanzilishi apumzike, huku hakikumwandalia kiinua mgongo, wala matibabu, wala mahali pa kulala, kinamwambia afe kwa heshima. Hiyo si haki, wala si busara. Maana mwenye njaa hawezi kuachilia, na hapaswi kulaumiwa. Warithi watakaoanza kwa kumtunza mzee watapata haki ya kumwomba anyamaze.

Wajibu wenu wa pili ni kuchambua. Kaeni chini, mkiwa na katiba na kumbukumbu za vikao, mtenganishe mambo matatu: kusudi, kanuni na desturi. Kusudi lishikeni kwa mikono miwili. Kanuni zipimeni kila baada ya miaka kadhaa, mkiuliza kama bado zalitumikia kusudi. Desturi ziacheni ziende na wakati wake. Msiseme Mzee alitaka hivi, kama hamwezi kuonyesha wapi alisema na kwa sababu gani. Mara nyingi anayesema hivyo huwa anataka mwenyewe, ila ameona haya kutumia jina lake. Mwanzilishi aliyekufa hawezi kujitetea na wanaomsingizia.

Ninyi wadhamini na wajumbe wa halmashauri, wekeni mipaka ya muda kabla hamjaihitaji. Mpaka uliowekwa mapema haumtukani mtu, kwa kuwa haukuandikwa kwa ajili yake. Tangu Mtaguso wa Vatikano wa Pili, Maaskofu hutakiwa kutoa maombi ya kujiuzulu wanapotimiza miaka 75, na hakuna anayeona kwamba wamefukuzwa. Kama anayeshika fimbo ya uchungaji aweza kuiweka chini kwa siku inayojulikana, mwenyekiti wa kwaya naye aweza. Tena mwanzilishi akiondoka, mpeni jina la heshima lisilo na kura, na kwa mwaka mmoja au miwili asikae katika vikao. Si kwa kumtenga, bali ili wajumbe wajifunze kumtazama mwenyekiti wanaposema, badala ya kutazama kiti cha pembeni.

Mwaka 1960 Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika, Marko Mihayo, alikalia kiti cha Tabora. Ilikuwa miaka 82 tangu msafara wa Bagamoyo, na miaka 68 tangu Lavigerie alipofariki. Waliokuja kwa msafara walikuwa wamemkabidhi mzigo mtu wa nchi, kama walivyokusudia tangu mwanzo, au kama walivyopaswa kukusudia. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wazee. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, kila mmoja wetu aliye na kazi aliyoianza, au aliyoipokea, na aulize juma hili swali moja tu katika kikao chake: Yule ambaye kazi hii ilianzishwa kwa ajili yake, je, bado anafikiwa? Kama anafikiwa, mwanzilishi ameheshimiwa, hata kama milango imepakwa rangi nyingine. Kama hafikiwi, picha iliyo ukutani, hata ikifutwa vumbi kila siku, haina la kumwambia.